Terentius

Publius Terentius Afer (alizaliwa Karthago, leo nchini Tunisia, kati ya miaka 195 na 185 KK hivi, alifariki 159 KK) alikuwa mwandishi wa tamthilia za kuchekesha, yaani futuhi, kwa lugha ya Kilatini wakati wa Jamhuri ya Roma. Aliingia mji wa Roma akiwa mtumwa kutoka Afrika Kaskazini, akasomeshwa na bwana wake, akaachwa huru, kisha katika muda wa miaka sita tu (166 - 160 KK) akatoa tamthilia sita. Zote zimehifadhiwa hadi leo.

Pamoja na Plautus aliyemtangulia, ndiye mwandishi pekee wa futuhi wa Roma ya Kale ambaye tamthilia zake zinaweza kusomwa nzima. Kazi zake zilitumika kufundishia Kilatini shuleni kwa karne nyingi. Anakumbukwa hasa kwa namna alivyowaonyesha watu ambao wachekeshaji wengine waliwafanya vikaragosi tu: watumwa, makahaba, mama wakwe na wageni wasio na ndugu mjini.

Vyanzo

Habari nyingi za maisha yake zinatokana na wasifu mfupi ulioandikwa na Suetonius zaidi ya miaka 250 baada ya kifo chake. Wasifu huo ulisalimika kwa sababu Aelius Donatus, mwalimu wa sarufi wa karne ya 4 BK, aliuweka mwanzoni mwa ufafanuzi wake wa tamthilia za Terentius. Suetonius mwenyewe alikusanya maelezo ya waandishi waliomtangulia, na mara nyingi maelezo hayo yanapingana.

Chanzo kingine ni dibaji za tamthilia zenyewe, ambamo Terentius anajibu hoja za wapinzani wake. Tena ziko kumbukumbu fupi zinazotaja mwaka, sherehe na waigizaji wa kila onyesho.

Jina na asili

Kadiri ya Suetonius, Terentius alizaliwa Karthago. Jina lake la tatu, Afer, lilimaanisha mtu wa Afrika. Kwa Waroma wa wakati ule neno hilo lilitaja hasa wenyeji wa nchi zilizoizunguka Karthago, kumbe wakazi wa Karthago wenye asili ya Foinike waliitwa kwa jina lingine, Poeni. Hivyo wataalamu wengi wanafikiri huenda alikuwa wa jamii ya Walibya wa kale, ambao leo wanahesabiwa kati ya mababu wa Waberberi. Wasifu unamtaja kuwa mtu wa kimo cha wastani, mwembamba, mwenye rangi nyeusinyeusi.

Namna alivyopata kuwa mtumwa haielezwi. Mwanahistoria Fenestella alibainisha kwamba hakuwa mateka wa vita kati ya Roma na Karthago, kwa kuwa maisha yake yote yaliangukia kipindi cha amani kati ya vita ya pili, iliyomalizika 201 KK, na ya tatu, iliyoanza 149 KK.

Bwana wake alikuwa seneta Terentius Lucanus. Huyo, alipoona akili na sura nzuri ya kijana, alimpa elimu kama ya watoto wa watu huru, kisha akamwacha huru mapema. Kufuatana na desturi ya Roma, mtumwa aliyeachwa huru alichukua jina la ukoo wa bwana wake. Ndiyo asili ya jina Terentius. Jina alilozaliwa nalo halikuhifadhiwa.

Mtu aliyeachwa huru alikuwa raia, lakini si sawa na raia wengine: hakuweza kugombea vyeo vya serikali, na aliendelea kuwa na wajibu kwa bwana wake wa zamani.

Futuhi mjini Roma

Terentius hakuwa mgeni wa kwanza kuwachekesha Waroma. Tamthilia ya Kilatini ilianzishwa mwaka 240 KK na Livius Andronicus, aliyekuwa Mgiriki na ambaye mapokeo yanamhusisha na mji wa Tarentum, kusini mwa Italia. Plautus alitoka Sarsina katika Umbria. Caecilius Statius, aliyesifiwa kama mwandishi bora wa futuhi katika kizazi kilichotangulia, alikuwa Mgalli wa kaskazini mwa Italia aliyewahi kuwa mtumwa. Hivyo lugha ya kuchekesha ya Roma ilijengwa kwa sehemu kubwa na watu waliojifunza Kilatini na desturi za mji huo kutoka nje.

Tamthilia hizo ziliitwa palliata, kutokana na vazi la Kigiriki walilovaa waigizaji. Zilitungwa kwa kufuata tamthilia za Wagiriki wa karne ya 4 na ya 3 KK, hasa Menander wa Athens, na matukio yake yalitokea katika miji ya Ugiriki. Mpango huo ulikuwa na faida kwa mwandishi. Mapokeo yanasema mshairi Naevius alifungwa gerezani kwa kuishambulia familia yenye nguvu ya Metelli. Lakini baba mkali anayedanganywa na mtumwa wake hakuwa tishio, mradi baba huyo alikuwa Mwathens. Watazamaji waliweza kuwacheka Wagiriki huku wakitambua mambo ya nyumbani kwao.

Maonyesho yalifanyika katika sherehe za dini zilizosimamiwa na maafisa wa mji, juu ya majukwaa ya mbao yaliyojengwa kwa muda, kwa sababu Roma haikuwa bado na ukumbi wa kudumu wa mawe. Tamthilia ilishindana na burudani nyingine za siku hiyo. Maonyesho manne ya kwanza ya Terentius yalifanyika katika sherehe za Megalesia, kwa heshima ya Mama Mkuu, mungu wa kike ambaye naye aliletwa Roma kutoka Asia Ndogo mwaka 204 KK.

Kuingia jukwaani

Suetonius anasimulia kwamba Terentius alipotaka kuuza tamthilia yake ya kwanza, maafisa walimwagiza aisome kwanza mbele ya Caecilius. Alimkuta mezani. Kwa kuwa alivaa nguo duni, aliketishwa kwenye kibao karibu na kochi la mwenyeji wake, akaanza kusoma. Baada ya beti chache tu alialikwa kupanda kwenye kochi na kula pamoja naye, na sehemu iliyobaki ilisomwa baada ya chakula huku Caecilius akistaajabu. Kwa kuwa Caecilius huhesabiwa kuwa alifariki mwaka 168 KK, miaka miwili kabla ya onyesho hilo, wengi wanaitilia shaka habari hiyo.

Jambo la hakika ni kwamba alimpata Lucius Ambivius Turpio, mwigizaji na kiongozi wa kundi aliyekuwa maarufu kuliko wote wakati ule. Turpio ndiye aliyewahi kuzirudisha jukwaani tamthilia za Caecilius zilizokataliwa mwanzoni, naye alifanya hivyohivyo kwa Terentius. Muziki wa tamthilia zote sita ulitungwa na Flaccus, mtumwa wa mtu aliyeitwa Claudius.

Tamthilia

Andria (Mwanamke wa Andros), 166 KK. Kijana Pamphilus anampenda Glycerium, msichana anayedhaniwa kuwa mgeni kutoka kisiwa cha Andros, huku baba yake Simo akitaka amwoe binti wa jirani, Chremes. Fumbo linafumbuliwa na Crito, mzee wa Andros aliyefika Athens kwa ajili ya urithi. Crito anajua kwamba mgeni hapati haki kwa urahisi katika mahakama za mji wa watu, na kweli Simo anamshuku mara moja kuwa tapeli aliyekodiwa. Hata hivyo ushuhuda wa mgeni huyo ndio unaothibitisha kuwa Glycerium ni binti wa Chremes aliyepotea.

Hecyra (Mama Mkwe), 165 KK. Pamphilus anaporudi kutoka safari, mke wake Philumena amehamia kwa wazazi wake. Wanaume wote, akiwemo mume wake Laches, wanamlaumu Sostrata, mama wa kijana, kwa sababu tu mama wakwe husemwa kuwa wabaya. Yeye hana kosa lolote, tena yuko tayari kuhamia shamba ili ndoa ya mwanae ipone. Ukweli ni kwamba Philumena alibakwa gizani kabla ya ndoa naye ana mimba. Pete moja inaonyesha kuwa mbakaji alikuwa Pamphilus mwenyewe. Anayeokoa ndoa ni Bacchis, kahaba aliyewahi kuwa mpenzi wake.

Heauton Timorumenos (Anayejitesa Mwenyewe), 163 KK. Mzee Menedemus anajichosha shambani kwa kazi ngumu kama adhabu, kwa sababu ukali wake ulimfanya mwanae akimbilie jeshini. Jirani yake Chremes anakuja kumshauri, na kauli anayoitoa kuhusu ubinadamu ili kutetea haki yake ya kuingilia imekuwa maarufu kuliko maneno yote ya Terentius. Nje ya tamthilia imetumika kama tamko la udugu wa binadamu wote. Ndani yake inasemwa na mzee mdadisi anayejua kuongoza nyumba ya jirani huku haoni yanayotendeka kwake: mwanae amejiingiza katika mapenzi ya gharama kubwa kuliko yale ya mwana wa Menedemus.

Eunuchus (Towashi), 161 KK. Ndiyo iliyopendwa zaidi wakati wa uhai wake. Ilionyeshwa mara mbili siku moja na kulipwa sesterti 8,000, fedha ambazo hakuna futuhi iliyowahi kulipwa kabla yake. Ndani yake kuna askari mwenye majigambo, Thraso, na mdoezi wake Gnatho, anayeishi kwa kukubali kila neno la tajiri. Katikati yuko Thais, kahaba mgeni anayejitahidi kumrudisha msichana aliyeibwa kwa ndugu zake, kwa kuwa hana jamaa wala rafiki mjini na anatumaini wema huo utampatia watu wa kumlinda. Mpango wake unavurugwa na kijana Chaerea, anayejifanya towashi, kuingia nyumbani kwake na kumbaka msichana huyo. Tamthilia inaishia kwa ndoa, lakini hasira ya Pythias, mjakazi wa Thais, imeachwa isikike wazi. Leo sehemu hiyo inajadiliwa sana na wasomaji.

Phormio, 161 KK. Mhusika mkuu ni mdoezi mwerevu anayetumia sheria ya Athens, iliyomlazimisha ndugu wa karibu kumwoa msichana yatima, ili kumpatia rafiki yake Antipho mke anayempenda. Wazee wanaokasirika wanakuja kufichuliwa: mmoja wao alikuwa na mke wa pili wa siri katika kisiwa cha Lemnos, na yatima huyo ndiye binti yake.

Adelphoe (Ndugu), 160 KK. Demea ana wana wawili. Mmoja anamlea mwenyewe kwa ukali shambani. Mwingine amempa ndugu yake Micio, anayemlea mjini kwa upole. Njia zote mbili zinashindwa kwa namna yake. Mwishoni Demea anaamua kuwa mkarimu ghafla, ila kwa mali ya ndugu yake: anamfanya Micio aoe, agawe shamba na kumwacha huru mtumwa Syrus pamoja na mke wake.

Mikosi ya Hecyra

Hakuna tamthilia inayoonyesha vizuri ugumu wa kazi yake kuliko Hecyra. Kadiri ya dibaji zake, onyesho la kwanza la 165 KK lilivurugika kwa sababu ya habari za mabondia na mtu anayetembea juu ya kamba. Mwaka 160 KK ilirudishwa katika michezo ya mazishi ya jemadari Lucius Aemilius Paullus. Sehemu ya kwanza ilipokelewa vema, kisha ukavuma uvumi kwamba wapiganaji wa upanga wanakuja, umati ukajaa ukigombea nafasi, na waigizaji wakalazimika kuacha. Mwaka huohuo, katika Michezo ya Kiroma, Turpio aliwaomba watazamaji watulie, na tamthilia ikachezwa hadi mwisho.

Mashtaka ya wapinzani

Adui yake mkubwa alikuwa mshairi mzee ambaye Terentius hamtaji kwa jina. Wafafanuzi wa kale wanasema ni Luscius wa Lanuvium. Mashtaka yalikuwa hasa mawili.

La kwanza lilihusu ufundi: kwamba aliharibu tamthilia za Kigiriki kwa kuchanganya sehemu za mbili au zaidi katika moja. Terentius alikubali kwamba anafanya hivyo, akajibu kwamba Naevius, Plautus na Ennius walifanya vilevile.

La pili lilimgusa yeye binafsi. Alikuwa karibu na vijana wa koo kubwa, hasa Scipio Aemilianus na Gaius Laelius, na ilisemwa kwamba wao ndio waliomwandikia. Shtaka hilo lilikuwa na uzito kwa mtu aliyewahi kuwa mtumwa. Kukiri kungemnyang'anya kazi yake. Kukana kwa nguvu kungewaudhi wakubwa waliomlinda. Katika dibaji ya Adelphoe, iliyochezwa kwenye mazishi ya baba mzazi wa Scipio, alipita katikati: alisema anahesabu kuwa sifa kupendwa na watu wanaopendwa na taifa zima, akawaachia watazamaji waamue. Uvumi uliendelea kurudiwa hata baada ya kifo chake, lakini wataalamu wa leo kwa kawaida wanazikubali tamthilia zote sita kuwa zake.

Mtazamo wa mgeni

Tamthilia za Terentius zinatofautiana na za Plautus kwa mambo kadhaa. Nyimbo ni chache, vichekesho vya maneno ni vichache, na waigizaji hawakatizi hadithi mara kwa mara ili kuzungumza na umati. Dibaji hazielezi kitakachotokea, hivyo watazamaji wanadanganyika pamoja na wahusika. Tamthilia tano kati ya sita zina visa viwili vya mapenzi vinavyokwenda sambamba.

Tofauti kubwa zaidi iko katika mahali kicheko kinapoelekezwa. Watazamaji wa Roma walikuja na matarajio yaliyozoeleka: mama mkwe ni mkorofi, kahaba ni mlafi, mgeni ni mwongo, baba ndiye mwenye mamlaka. Terentius aliyachukua matarajio hayo na kuyaacha yawaongoze wahusika kwenye makosa. Katika Hecyra kinachochekesha na kuumiza ni uhakika wa wanaume wanaomlaumu Sostrata bila ushahidi. Katika Andria ni Simo anayemshuku mtu pekee anayesema kweli. Katika Heauton Timorumenos ni mshauri asiyejijua. Anayechekwa si mtu wa pembeni, bali mwenye nyumba anayeamini kwamba anaelewa kila kitu.

Wataalamu wengi wamehusisha jicho hilo na maisha yake. Mtumwa aliyelelewa katika nyumba ya seneta aliweza kuona familia ya Kiroma kutoka ndani bila kuwa sehemu yake, na usalama wake ulitegemea kusoma vizuri mawazo ya wakubwa. Aidha, kwa mtu aliyejifunza Kilatini ugenini, desturi ambazo wenyeji waliziona kuwa za asili zilionekana kuwa ni desturi tu. Wengine wanaonya kwamba upole huo ulikuwa tayari kwa Menander, na kwamba maisha ya mwandishi hayawezi kusomwa moja kwa moja katika tamthilia zilizotoholewa. Ni kweli pia kwamba Terentius hakuupinga utumwa: watumwa wake wanatishiwa viboko kama wale wa waandishi wengine, na tamthilia zake humalizika kwa utaratibu wa familia na ndoa kurudi mahali pake.

Safari ya mwisho na kifo

Baada ya 160 KK, Terentius aliondoka Roma kwenda Ugiriki. Sababu zinazotajwa ni kukwepa uvumi kwamba anatumia kazi za wengine, au kutaka kujifunza maisha ya Wagiriki aliokuwa akiwaonyesha jukwaani. Umri wake wakati huo unatajwa kuwa miaka 25 au 35, kwa kuwa nakala za wasifu zinatofautiana.

Hakurudi tena. Wengine walisema alizama baharini akiwa njiani kurudi na tamthilia alizozitohoa kutoka kwa Menander. Wengine kwamba alifariki katika Arkadia au Leucas kwa ugonjwa na huzuni baada ya kupoteza mizigo yake pamoja na tamthilia mpya. Kifo chake kinawekwa katika mwaka 159 KK.

Hata kuhusu mali yake vyanzo havipatani. Mshairi Porcius Licinus alidai kwamba marafiki wakuu hawakumsaidia lolote, akafa bila hata nyumba ya kupanga. Suetonius anasema aliacha bustani ya hekta 5 hivi kando ya barabara ya Appia, na binti aliyeolewa na mtu wa tabaka la wapanda farasi.

Miaka 13 baada ya kifo hicho, mwaka 146 KK, jeshi la Roma liliteketeza Karthago na kuwauza utumwani wakazi waliosalia. Jemadari aliyeliongoza alikuwa Scipio Aemilianus, rafiki yake Terentius.

Urithi

Cicero alisifu Kilatini chake. Julius Caesar alimheshimu kwa usafi wa lugha, ila alimwona kuwa nusu tu ya Menander kwa kukosa nguvu ya kuchekesha. Usafi huo ndio uliomfanya mtu wa Afrika aliyejifunza lugha ugenini awe kielelezo cha Kilatini kwa wenyeji wenyewe.

Augustino wa Hippo, naye Mwafrika wa Kaskazini, alimsoma shuleni, na katika Maungamo alilalamika kwamba vijana walifundishwa lugha kwa kutumia kisa cha Chaerea. Katika karne ya 10 mtawa Hrotsvitha wa Gandersheim, Ujerumani, aliandika tamthilia sita za Kikristo kwa Kilatini ili kutoa kitu kingine badala ya zile za Terentius. Nakala za mkono zilizobaki ni mamia kadhaa. Ya zamani zaidi iliyo karibu kamili, iitwayo Bembinus, na nyingine ya karne ya 9 yenye michoro ya waigizaji na vinyago vyao, zote zimo katika maktaba ya Vatikani.

Wakati wa Renaissance, Machiavelli alitafsiri Andria kwa Kiitalia na Erasmus alipendekeza Terentius kwa wanafunzi wa Kilatini. Molière alitumia Adelphoe katika L'École des maris (1661) na Phormio katika Les Fourberies de Scapin (1671). Mwaka 1773 Phillis Wheatley, mshairi aliyepelekwa Marekani kama mtumwa kutoka Afrika Magharibi, alimtaja Terentius katika kitabu chake cha mashairi, akiongeza maelezo kwamba alikuwa Mwafrika kwa kuzaliwa.